Kodi ya Mama Fang

Rehema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda soko la Liuhua kubadilisha lile begi lenye zipu mbovu, na najua hutarudi mapema, maana ukifika kule utaona viatu. Basi nimesogeza mashati pembeni, nimekaa mezani, nakuandikia. Kesho asubuhi tutakuwa stesheni na mizigo, mimi nitakuwa nakuuliza pasipoti iko wapi kila tukisimama, na hatutazungumza lolote la maana. Ya maana nayaweka hapa. Yasome kwenye treni ya Hong Kong, au ndani ya ndege ukishachoka kutazama mawingu.

Sitaandika habari za sweta, wala dawa ya tumbo, wala kwamba ukifika Dar umsubiri baba yako ndani ya jengo usitoke nje na mizigo. Hayo nimeyasema mpaka nimejichoka mwenyewe.

Nataka kukuandikia habari za nyumba. Shangazi yako Mwanaidi alipopiga simu akasema funguo za nyumba ya marehemu bibi yako pale Ngamiani atakukabidhi wewe, ulicheka. Ulisema unakwenda Tanga kusomea uuguzi, huendi kuwa mama mwenye nyumba. Mimi nami nilikuja Guangzhou kununua mashati, mwanangu. Kisha shangazi akaleta ile habari ya Bi Mariamu, mjane wa chumba cha mbele, ambaye kodi yake hulipwa na kamati ya msikiti, na sasa ni muda haijalipwa. Akasema, "Akija Rehema amtoe yeye. Mimi nimezeeka naye, sina uso wa kumtoa." Hapo nikaona umeacha kucheka. Baadaye ukaniuliza, "Mama, mtu kama huyo unamwambiaje?"

Nikakujibu tutazungumza, na hatukuzungumza, kwa sababu jibu langu ni refu. Jibu lenyewe liko jikoni sasa hivi, limefunga aproni, linakukaangia vitumbua vya ufuta vya safarini.

Ulipokuja hapa mwaka jana ulimkuta Mama Fang keshakuwa mtu wa nyumba hii, ukaanza kumwita bibi siku ya pili. Hukuuliza alifikaje. Nadhani ulifikiri alikuja na nyumba kama yalivyokuja yale mapazia ya kijani. Basi hukukosea. Alikuja na nyumba.

Wakati ule nilikuwa nalala kwenye hoteli karibu na stesheni, na hoteli ilikuwa inakula faida yote. Nanunua mashati soko la Shahe, nayapanga kitandani, mimi nalala pembeni kama mzigo. Ndipo mtu akanipeleka kwa Bwana Luo, ambaye alikuwa na fleti hii ya ghorofa ya nne, nyuma ya barabara ya Huanshi. Akanizungusha vyumba vyote. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka nikaingiwa na wasiwasi, nikafungua mabomba kuona kama maji yanatoka. Yalitoka. Nikamuuliza kwa kile Kichina changu cha sokoni na mikono, kasoro iko wapi. Akanipeleka mpaka chumba cha nyuma, akagonga, mlango ukafunguliwa na mama mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa sawasawa na masikio, ameshika sindano.

"Nyumba rahisi," Bwana Luo akasema. "Ila ina mtu."

Alikuwa mpangaji wake wa siku nyingi. Alishona mashati katika kiwanda tangu usichana, kiwanda kikafungwa, na kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, ofisi ya mtaa ikawa inamsaidia sehemu kubwa ya kodi. Pesa hiyo ilikuwa ndogo lakini ilikuwa haikosi. Bwana Luo alikuwa hataki tena shughuli ya kupokea vijipesa vya mtu mmoja mmoja. Alitaka mtu mmoja achukue fleti nzima, amlipe yeye kwa pamoja, halafu yeye akae zake acheze karata. Mtu huyo nikawa mimi. Nikachukua fleti, nikawapangisha wafanyabiashara wenzangu vyumba viwili, na Mama Fang akawa wangu.

Siku ya kwanza tulikutana jikoni. Alikuwa anakaanga nyama ya nguruwe. Mimi nilisimama mlangoni na sufuria yangu, nikarudi chumbani nikala mkate. Kesho yake nikakuta jiko lote limesuguliwa kwa maji moto, ukuta na meza, na Mama Fang kahamishia jiko lake dogo la makaa kwenye baraza ya nyuma, na sufuria zake zote. Sikumwomba. Mpaka leo sijui nani alimwambia.

Kila mwanzo wa mwezi alikwenda ofisi ya mtaa, akapokea msaada wake, akaongeza kidogo chake, akaniletea kodi imefungwa kwenye gazeti pamoja na kibeseni cha machungwa. Mimi namimina chai, tunakaa, tunatazamana, tunacheka. Lugha hatuna. Nilikuwa najua kusema bei gani, ghali, punguza, na *mei you*, yaani hakuna, neno ambalo pale Shahe utalisikia kabla hujafungua mdomo.

Halafu vikaja vifungo. Nilinunua mashati ya bei rahisi sana, na nilipoyafungua nyumbani nikaelewa urahisi wake: nusu yake hayakuwa na vifungo vya kutosha, mengine kifungo kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikakaa chini nikashika kichwa. Mama Fang akapita, akaona, akaingia chumbani mwake, akatoka na kopo la biskuti limejaa vifungo na sindano zake. Akakaa sakafuni akaanza. Hakuniuliza. Ilipofika jioni lundo lilikuwa limekwisha, na mimi nikamlipa, akakataa, nikamtilia mfukoni, akatoa, nikamtilia tena. Ikawa desturi. Kila mzigo ukija, anakuja na kopo lake. Nilifurahi, Rehema. Niliona nimepata fundi na mpangaji kwa mlango mmoja.

Kisha mwezi mmoja gazeti halikuja.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu nilifanya mambo yote ambayo nakuomba usiyafanye kwa Bi Mariamu, na niliyafanya kwa mpangilio kama niliyefundishwa.

Kwanza nilinyamaza. Nilijiambia mtu mzima haulizwi, atasema mwenyewe. Mwezi wa pili nikaanza kutoa ishara. Naongea peke yangu jikoni kwa sauti, kwa Kiswahili, habari za ugumu wa maisha, kana kwamba yeye atapata maana yake kwenye mikunjo ya uso wangu. Nikahamisha kibeseni cha machungwa, kitupu, nikakiweka mbele ya mlango wake. Yeye akakiosha akakirudisha. Mwishowe nikachukua kalkuleta. Unajua hapa biashara yote ni kalkuleta: yeye anapiga bei, wewe unapiga yako, mnapokezana mpaka mmoja achoke. Nikapiga hesabu ya kodi yote iliyokaa, nikamsimamisha kwenye ujia, nikamnyooshea. Mama Fang akaitazama. Akaichukua. Akafuta vumbi kwenye kioo chake kwa ncha ya aproni, taratibu, akanirudishia, akaingia chumbani.

Nikabaki nimesimama na kalkuleta safi.

Baada ya hapo tukawa watu wawili tunaokimbiana ndani ya nyumba moja. Yeye anatoka kabla sijaamka. Mimi nikisikia mlango wake, nasubiri ndani mpaka apite, kwa sababu na mimi nilikuwa naona haya. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba mdai naye anaona haya. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba aliacha vifungo. Mzigo ulikuja, nikaufungua, nikamwita. Akautazama, akatikisa mikono yote miwili, "Mei you, mei you," akafunga mlango. Nikasema moyoni, huyu halipi na kazi hataki. Basi ana dharau.

Bwana Luo alikuwa anataka kodi yake ya fleti nzima, na kwake hakuna habari ya nani kalipa na nani hakulipa. Nikawa nafidia sehemu ya Mama Fang kwa pesa ya mashati. Baba yako akaanza kuona kule Kariakoo kwamba mizigo inapungua. Nikampigia kumweleza. Akasema, "Zuhura, umekwenda huko kununua mashati au kulea watu?" Bwana Luo naye akaja na lake. Alikuwa na mfanyabiashara kutoka Mali anayetaka chumba kile kile, atalipa mara mbili, na atalipa mbele.

"Mtoe," akasema. "Kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Usipomtoa, natafuta mtu mwingine wa kukodi fleti yote."

Sikuwa na pa kwenda na marobota yangu. Nikaamua kumtoa.

Ila nilitaka aelewe kwa maneno, nisimtoe kwa kalkuleta. Nikamwita Neema. Unamjua Neema, ila wakati ule alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, binti wa Moshi, Mkristo mzuri ambaye hakukosa pilau yangu ya Jumapili hata mara moja. Kichina chake kilikuwa cha kusomea, kimenyooka. Akaja, akanisalimu shikamoo, akala, nami nikamfundisha maneno niliyotaka ayaseme. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Yalikuwa makali. Neema akaosha mikono akasema, "Mama Rehema, haya nitayapunguza chumvi kidogo." Nikamwambia asipunguze hata punje.

Tukagonga. Mama Fang akafungua, na nyuma yake nikaona begi limefungwa kwa kamba, godoro limekunjwa, na kopo la vifungo juu yake. Alikuwa ameshajiandaa kutolewa. Alikuwa anatungoja tu.

Neema akaanza kusema, mara Mama Fang akamkatiza. Akaongea kwa muda mrefu, sauti ndogo, macho yake sakafuni. Mimi nikawa namvuta Neema mkono, anasema nini, anasema nini. Neema akaniinulia kiganja.

"Subiri, mama. Kuna jambo hapa." Akamuuliza tena, akajibiwa. Kisha akanigeukia. "Anasema msaada wake wa kodi umekatwa. Mtu mmoja wa humu ghorofani alipeleka habari ofisi ya mtaa kwamba anafanya kazi. Mwenye kazi hapewi msaada."

"Kazi gani? Mbona hana kazi?"

"Anashona vifungo. Kwa tajiri wa kigeni."

"Tajiri gani huyo wa kigeni?"

Neema akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mgonjwa leo. "Mama, ni wewe."

Nikakaa juu ya lile godoro lililokunjwa. Vijipesa vile nilivyomtilia mfukoni kwa nguvu, ambavyo havikutosha hata kiberiti na mchele wa wiki, ndivyo vilivyomkatia kodi yake. Na mimi nikawa namdai kodi hiyo hiyo.

"Sasa kwa nini hakuniambia?" nikauliza. "Neema, muulize, kwa nini hakuja kwangu?"

Neema akauliza. Mama Fang akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ungekwenda ofisini kugomba. Na ukienda, watakuuliza wewe ni nani humu ndani, unapangishaje watu, umeandikishwa wapi. Anasema Bwana Luo hajawahi kuiandikisha fleti hii kwamba ina wageni. Alifikiri ni afadhali atoke yeye mmoja, maana wewe ukitolewa, mtatoka wote."

Rehema, sijui kama umewahi kumchukia mtu kwa miezi, halafu ukagundua kwamba miezi hiyo yote alikuwa amesimama mbele yako kukukinga. Nilitaka kulia, lakini Mama Fang alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, kama ndiye aliyekosea, na Neema akasema, "Yale maneno uliyonifundisha, niyaseme au niyaache?" Nikacheka. Nilicheka mpaka nikajishika ubavu, na Mama Fang, bila kujua kilichosemwa, naye akaanza. Tukamfungulia begi siku ile ile.

Lakini kucheka hakulipi kodi. Bwana Luo nilipomweleza alibadilika rangi. "Usiende ofisini," akasema. "Mama mmoja mzee si sababu ya kuwaleta mlangoni kwangu." Na alikuwa na haki ya kuogopa, hata mimi niliogopa. Nilikuwa na mzigo wa mashati ya shule ndani, mtaji wetu wote. Ningeweza kumwambia Mama Fang pole, nikampa nauli, nikampokea mtu wa Mali, na hapana ambaye angenilaumu. Nikampigia baba yako. Nikamweleza yote, nikangoja anigombeze kwa pesa ya simu.

"Utakwenda lini?" akauliza.

"Kesho."

"Vaa vizuri," akasema.

Nikavaa lile gauni la hariri nililolishonea harusi ya binamu yako Zaina na mtandio wake. Neema akaacha darasa. Mama Fang akavaa koti lake la kiwandani, limepigwa pasi. Tukaketi kwenye benchi la ofisi ya mtaa, watatu, na watu wote waliokuja na shida zao wakasahau shida zao wakawa wananitazama mimi. Mtoto mmoja alikuja akagusa mtandio, mama yake akamvuta, nikamwachia aguse.

Tulipoitwa, mezani alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa mikono ya kitambaa juu ya sweta ili wino usimchafue. Alimtazama Mama Fang, akamtazama Neema, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini.

"Huyu ndiye tajiri?"

"Mimi ni mpangishaji wake," nikasema, na Neema akatafsiri. "Alinisaidia kushona vifungo."

"Ulimlipa?"

Neema kabla ya kutafsiri akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ukisema hapana, mambo yanakwisha sasa hivi." Nikamtazama Mama Fang. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na nikaona kwamba huyu, baada ya kushona maisha yake yote, leo nikisema nilimfanyisha kazi bure, nitakuwa nimempunguzia kitu ambacho ofisi haiwezi kumrudishia.

"Nilimlipa," nikasema. "Kidogo. Na vifungo vyake vilikaa imara kuliko vya kiwandani."

Neema akatafsiri. Mama Fang akasema kitu haraka, na yule mwanamke wa mezani akajizuia kucheka akashindwa. Nikamuuliza Neema. "Amesema, viwandani siku hizi wanafunga uzi mara moja tu, ni aibu."

Ikawa rahisi baada ya hapo, ingawa haikuwa bure. Tuliambiwa kazi ya mkono ya siku moja moja haihesabiwi kuwa ajira, ila lazima itajwe. Ilikuwa haikutajwa, basi ile miezi iliyopita imekwenda, hairudi. Msaada utaanza tena mwezi unaofuata. Kisha akaniuliza nyumba ni ya nani, nikataja, na Bwana Luo akaitwa, akaandikisha fleti, akatozwa faini ndogo. Faini hiyo akaihamishia kwenye kodi yangu, na bado naibeba. Hakunisemesha mpaka sikukuu ya mwaka mpya ilipopita. Ila hakunitoa. Fleti iliyoandikishwa ilimpa usingizi, na mtu wa Mali akapata chumba jengo la jirani, ambako anapiga muziki mzuri siku za Ijumaa.

Yale malimbikizo ndiyo yaliyotugombanisha kweli. Mimi nilisema nimesamehe. Mama Fang akasema yeye si mtu wa kusamehewa kodi, atalipa yote. Nikasema sipokei. Akasema basi anahama. Neema katikati yetu, anatafsiri huku na huku, mpaka akasema, "Mimi nasomea udaktari, sikusomea ukadhi." Tukakubaliana nusu ni yangu, kwa kuwa kazi ilikuwa yangu, na nusu ni yake, atalipa kidogo kidogo kila akipata. Alilipa. Ilimchukua muda mrefu, na kila alipoleta alihesabu mbele yangu hata kama nimeangalia pembeni, na nilijifunza kutoangalia pembeni. Mtu anapokulipa kwa shida, mwanangu, mpe heshima ya kuhesabu.

Sasa usije ukadhani kila mpangaji ni Mama Fang. Chumba chako hicho, kabla hujaja, alikaa mfanyabiashara mmoja ambaye simtaji kwa sababu ana ndugu zake hapa. Naye alichelewesha kodi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimelowa wema, nikamkalisha nikamuuliza taratibu, akaniambia habari ya mama yake mgonjwa mpaka nikatoa leso. Nikampa muda. Siku moja nikarudi kutoka Shahe nikakuta chumba kitupu, kachukua na sufuria yangu ya umeme ya kupikia wali, na kaniachia viatu visivyo na soli. Mama Fang alivitazama viatu vile akasema "mei you," na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Kwa hiyo sikwambii uwe laini. Nakwambia uulize mapema, kwa mdomo wako, mkiwa wawili, kabla hasira haijakuandikia maneno. Yule mtu, ningemuuliza mwezi wa kwanza, ningejua kwamba anaongopa wakati bado nina sufuria.

Na Bi Mariamu. Yeye kodi yake haitoki mfukoni mwake, na ukimgombeza yeye utakuwa umemgombeza mtu anayengoja kama wewe unavyongoja. Usimwache aende msikitini peke yake kuuliza, mara ya tatu, mara ya nne, anarudi na aibu. Nenda naye. Labda kamati imebadilika na jina lake limesahauliwa. Labda kuna mtu kasema mwanawe wa Arusha anamtumia pesa. Labda pesa imekwisha kweli. Utajua ukikaa pale kwenye benchi. Mtajie kiasi anachodaiwa bila kukizungusha, asije akakaa anakisia. Usiliseme kwa majirani, wala kwa shangazi yako, ambaye nampenda lakini unamjua. Na ikiwa hapana njia, kodi hiyo ndiyo bati za paa letu, na paa linavuja, basi mwambie wewe mwenyewe, umpe muda, umtafutie chumba, na siku ya kuhama ubebe mzigo mmoja. Kumtoa mtu si dhambi. Mimi naogopa tu umtoe bila kujua ni nani unayemtoa, maana nilibakisha kugonga mlango mmoja tu nilifanye hilo.

Nimesikia Mama Fang anazima jiko. Anauliza umerudi, nimemwambia bado, akasema ni viatu. Amekuwekea kopo dogo la vifungo vya sare za uuguzi kwenye begi lako la mkononi. Usimwambie nimekuambia, anataka ulikute mwenyewe.

Jambo moja limebaki, kisha nafunga. Asubuhi, ulipokuwa unaoga, alikuja rafiki yake Neema, mwanafunzi, mtu mwenye adabu. Kasikia kwamba unaondoka. Anataka chumba chako, atalipa vizuri, na pesa alikuwa nayo mkononi. Unajua hali ya biashara, na unajua mama yako, ambaye hajawahi kuacha chumba kikae kitupu hata wiki. Nikamwambia kina mpangaji. Akauliza anarudi lini. Nikamwambia bado hajasema. Akauliza, kwa nia njema kabisa, kama huyo mpangaji ataendelea kulipa kodi akiwa hayupo.

Nikamwambia huyo simdai.

Nenda salama, mwanangu. Shuka nimezibadilisha, zimefuliwa, zipo kitandani.

Mama yako,
Zuhura